Huyu Siye

Siku paka aliporudishwa, Mama alisema maneno mawili tu, na binti yake akayapuuza. Alisema, "Huyu siye."

Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mkono mmoja umeshika fremu kwa sababu ya lile goti lake bovu, akimtazama paka mweusi mwenye tumbo jeupe akichomoka mtegoni na kujitosa nyuma ya tangi la maji. Binti yake alikuwa amechutama kando ya mtego mtupu akikunja shuka lililokuwa limeufunika. Mtaa mzima ulimwita binti huyu Daktari wa Mapaka, wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko, naye alikwisha kuacha kujali ni kipi.

"Ni yeye, Mama. Kadi hii hapa. Nyumba ya mwisho, ua wa nyuma."

"Mimi sikutazama kadi, nimetazama mguu. Kwa nini nilimwita Soksi? Mguu wa nyuma mmoja mweupe. Huyu miguu yote myeusi."

"Ametoka mbio, huwezi kuwa umeona vizuri. Halafu miwani yako iko kichwani."

Mama akapapasa nywele zake, akaikuta miwani kweli iko huko. Daktari akaangua kicheko. Mama naye akacheka, kwa adabu tu, kisha akabaki pale pale na kibakuli cha mabaki ya samaki mkononi, akitazama tangi.

Jioni, akiwa njiani kurudi kwake, Daktari alimpigia simu kaka yake. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta cha kuchekesha. "Kaka, leo Mama amemkataa hata paka wake. Eti si yeye!"

Kaka hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa majengo, kazi yake kutafuta nyufa za nyumba za watu na kuziandika, na tangu Mama alipoanguka kwenye ngazi mwaka uliopita alikuwa akimkagua mama yake vivyo hivyo. Jiko lilikutwa linawaka bila sufuria, huo ufa. Funguo zilikutwa ndani ya friji, huo ufa mwingine. "Sasa hamfahamu hata paka aliyemlisha miaka mitatu," alisema polepole. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeona. Mama hawezi kuendelea kuishi peke yake." Alikuwa na chumba kwake, kilishapakwa rangi, kinamsubiri. Mama alikuwa ameapa kwamba nyumbani kwake hataondoka mpaka abebwe.

Daktari aliaga bila kumbishia. Ni kweli alikuwa ameona.

Sasa, msije mkamdhania mzembe. Uzembe hakuwa nao kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi katika habari hii. Angekuwa mzembe ningeisimulia kwa raha zaidi. Kliniki yake ilikuwa stoo ya zamani ya chakula cha kuku, yenye meza mbili, taa moja ya kuning'inia na sinki lililovuja, na humo ndani kila Alhamisi aliwafunga kizazi paka wa mitaani kumi na tano, ishirini. Wananaswa alfajiri kwa mitego, wanachomwa dawa ya usingizi, wanapasuliwa, wanashonwa, wanapigwa chanjo, wanakatwa ncha ya sikio la kushoto ili mtu akiwaona kwa mbali ajue hawa tayari, kisha wanarudishwa pale pale walipotolewa. Hilo la pale pale lilikuwa kwake kama sala. "Paka wa mtaani hana mali," aliwaambia watu wa kamati ya mtaa walipomwuliza kwa nini asiwatupe mbali. "Mali yake ni kujua mahali. Ukimwondolea hiyo, umemuua."

Msaidizi wake alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Bi Mizani kwa sababu hakuna paka aliyepita mlango ule bila yeye kumpima. Sheria yao ilikuwa moja: kila mtego una kadi yake, imebanwa kwa kibanio cha nguo, na paka akitoka mtegoni kwenda mezani kadi humfuata. Na paka anayenyonyesha alikuwa na kadi nyekundu. Huyo hupasuliwa wa kwanza, tena ubavuni badala ya tumboni ili chuchu zisiguswe, na hurudishwa kwake kabla ya saa sita mchana, maana kuna vitoto mahali fulani vinamngoja. "Hawa wametolewa uwanjani," Bi Mizani alipenda kusema akibana kadi nyekundu, na kila Alhamisi walicheka upya.

Alhamisi ile kadi nyekundu zilikuwa mbili. Moja ya Soksi, ambaye Mama mwenyewe hakujua kuwa amezaa mpaka Daktari alipomnyoa manyoya na kuona maziwa. Nyingine ya paka wa sokoni, aliyenaswa kwenye kibanda cha vitunguu. Wote weusi, wote tumbo jeupe, umbo moja, uzito karibu sawa. Kwa haraka ya kuwawahisha kwa watoto wao, Daktari aliwalaza pamoja chini ya blanketi moja la joto wazinduke, akaziweka kadi zote mbili mezani, akaenda kunawa damu. Bi Mizani alikuwa nje akiosha mitego. Daktari aliporudi alikuta paka wawili wamefunikwa mpaka shingoni, kila mmoja na sikio lililokatwa, kila mmoja na jeraha la ubavuni. Alama zote za kuwatofautisha na paka wengine duniani alizitia yeye mwenyewe, tena aliwatia zile zile. Hakufunua blanketi kutazama miguu. Alimchukua wa kushoto kuwa ni Soksi, kwa sababu alikumbuka kumlaza kushoto. Alipomlaza alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

Basi Soksi akapelekwa sokoni, na wa sokoni akaletwa kwa Mama.

Ijumaa asubuhi Mama alipiga simu. "Kuna vitoto vinalia darini."

"Ni vya Soksi hivyo. Vina njaa kidogo, mama yao alikuwa kwangu. Atapanda atavinyonyesha."

"Atapanda nani? Yule uliyemleta amejificha nyuma ya tangi tangu jana, na leo simwoni kabisa."

"Wanakuwa hivyo wakitoka kwenye dawa, Mama. Mwache."

Jumamosi Daktari alipita, akiwa na haraka zake, akasimama kwenye korido chini ya taa akiwa ameinua uso. Alisikiliza kwa muda ambao mtu hutumia kusoma ujumbe wa simu. Darini kulikuwa kimya. Mama alikuwa kando yake, amekunja mikono kifuani. Alisema vitoto hunyamaza vikisikia hatua za mgeni, asubiri kidogo, aketi, anywe japo maji.

"Hakuna kitu, Mama. Amewahamisha. Paka jike akisumbuliwa huhamisha watoto wake, ndivyo walivyo."

"Hajawahamisha. Panda utazame."

"Nimevaa hivi nipande darini?"

Hapo ndipo mambo yalipokwisha, ingawa hakuna aliyejua. Mama alimwomba fundi wa tangi apande. Fundi, mtu wa kujilinda, akampigia Kaka kwanza kuuliza ruhusa. Kaka akampigia dada yake. "Wewe ndiye mtaalamu. Kuna paka darini au hakuna?" Daktari akajibu kama mtaalamu: hakuna, wamehamishwa. Fundi akaambiwa aachane na mambo ya mzee. Hivyo ndivyo dari ile ilivyofungwa kwa simu mbili.

Mama aliendelea kupiga. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kisha hakupiga tena, lakini akiulizwa alijibu. Siku ya kumi, Jumapili, watoto wake wawili walikwenda kula naye chakula cha mchana, na nia yao ilionekana kabla hawajanawa mikono. Kaka alikuwa amevaa shati la kazini.

"Mama, bado unavisikia?" aliuliza kwa sauti ile laini ambayo watu hutumia kwa wagonjwa na watoto.

"Navisikia."

"Hata sasa hivi?"

"Panda utazame."

Kaka alimtupia dada yake jicho. Daktari akainuka, akasema anafuata chumvi jikoni, ingawa chumvi ilikuwa mezani. Alipopita kwenye korido, chini ya ile taa, alisikia. Kilikuwa kilio kimoja, chembamba, kikavu, kilichokatika katikati kana kwamba mwenyewe ameishiwa pumzi. Akasimama. Kikaja tena.

"Vipi?" Kaka aliita kutoka mezani. "Umesikia kitu?"

Kwa nini alijibu alivyojibu? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani aliogopa kwamba akisema ndiyo, ataanza kuulizwa maswali ambayo asingeweza kuyasimamisha, na la kwanza lingekuwa lile la mguu. Nadhani pia alikuwa na njaa na alitaka siku ile iishe. "Bomba," alisema. "Linalia bomba."

Mama aliinua kichwa akamtazama, akamtazama sana, kisha akarudi kwenye sahani yake. Kaka akaeleza habari ya chumba. Siku ya kuhama ikapangwa Jumamosi inayofuata.

Tangu Jumapili ile Daktari hakupata usingizi wa maana. Akiwa kazini alikaza bomba la sinki mpaka likaacha kuvuja, na bado aliuliza, "Bi Mizani, husikii kitu?" Bi Mizani alisikia paka kumi na sita wakilalamika mitegoni, akamwambia anywe chai.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kusaidia kufunga mizigo, alipita sokoni. Ilikuwa desturi yake kuzungukia paka wake baada ya wiki mbili, kuwatazama tu, jeraha limefunga au vipi. Kwenye kibanda cha vitunguu alimkuta paka amejilaza ubavu chini ya meza, na vitoto viwili vikubwa, vinene, vinamnyonya kwa fujo. Sikio la kushoto limekatwa. Kovu ubavuni, safi, limeshaanza kuota manyoya. Daktari alitabasamu kwa kazi yake. Kisha paka akajinyoosha, akautoa mguu wa nyuma kivulini.

Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kifundo.

"Huyo ana roho ya utu," muuza vitunguu alisema, akimwona amekodoa macho. "Mlipomrudisha alilia siku tatu, anazunguka soko zima anatafuta sijui nini. Hawa wenyewe hakutaka hata kuwanusa. Nikasema dawa yenu imemchanganya akili, hajui hata wanawe. Walikufa wawili hapo. Siku ya nne akaja mwenyewe, akaingia kwenye kreti, akawalalia."

"Alitafuta upande gani?" Daktari aliuliza.

"Ule," muuza vitunguu akanyoosha kidole, na kidole kilielekea upande wa nyumba ya mwisho.

Daktari alikaa juu ya gunia la vitunguu bila kuombwa. Muuza vitunguu akamwuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Alikuwa akihesabu. Alhamisi mpaka Jumamosi ya leo, siku kumi na sita. Kitoto cha wiki mbili hakivuki siku ya tano bila maziwa. Alikuwa amewafundisha watu hesabu hiyo kwa miaka, ubaoni, kwa chaki.

Alipofika, pikapu ya Kaka ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume mlangoni, na wapagazi wawili walikuwa wanapakia kitanda. Mama alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti kilichobaki, mkoba mapajani, amevaa viatu vya safari. Yeye aliyeapa kwamba mpaka abebwe, hakuwa amebebwa. Hakuwa ameleta ubishi hata kidogo, na Kaka, aliyejiandaa kwa vita, alikuwa akitembea huku na huku asijue la kufanya na mikono yake.

"Naomba ngazi," Daktari alisema.

"Leo? Sasa hivi? Wewe nawe umeanza?" Kaka alishusha sauti. "Usimchochee. Amekubali."

Aliichukua ngazi mwenyewe kutoka uani, akaisimamisha kwenye korido, akasukuma kifuniko cha dari kwa kiganja. Vumbi likamwingia machoni. Aliwasha tochi ya simu.

Kiota kilikuwa pembeni, karibu na ubao uliooza ambao Soksi alikuwa akipitia, kimetandikwa kipande cha sweta ambayo Mama aliitafuta mwaka mzima. Vitatu vilikuwa humo, vimebebana, vimekauka, vyepesi kama soksi zilizoanikwa zikasahauliwa. Aliangaza akitafuta kama kuna kingine. Kilikuwepo, mbali na wenzake, hatua tatu nzima za mtu mzima. Kilikuwa kimejikokota juu ya mbao mpaka kwenye lile tundu dogo ambamo waya wa taa ya korido hupita, mahali ambapo mwanga na sauti za watu hupanda kutoka chini, na hapo kikalala, pua yake tunduni.

Chini ya tundu hilo ndipo aliposimama Jumamosi ile akasema hakuna kitu.

Alikaa juu ya mbao kwa muda asioujua. Alilia, lakini bila sauti, kwa sababu Mama na Kaka walikuwa chini yake. Kaka alipanda ngazi mpaka kichwa chake kikatokeza kwenye kifuniko, na yeye, mkaguzi wa majengo, ambaye kazi yake ni kuingia madarini, alitazama kila mahali isipokuwa tochi ilipomulika.

"Umeona nini?" alinong'ona. "Sikia, mdogo wangu. Kama ni panya, kama ni nini, sema hakuna. Mama atulie, tuondoke kwa amani. Kuna faida gani?"

Kusema hakuna kungekuwa rahisi, naye aliupima urahisi huo. Alifikiria kamati ya mtaa, aliyoiahidi kwamba hakuna paka atakayekufa mkononi mwake. Alifikiria jinsi jina lake lingezunguka mtaani na kicheko kile kingine, kisicho na heshima ndani yake. Kisha alifikiria chumba kilichopakwa rangi nyumbani kwa Kaka, na Mama akiishi humo mpaka mwisho wake akiitwa mtu asiyejua hata paka wake. Alivua kitambaa cha kichwa, akavifunga vyote vinne humo, akamwambia Kaka ashuke ampishe.

Aliviweka sakafuni mbele ya Mama, akapiga magoti.

"Mama, yule hakuwa Soksi. Niliwachanganya wawili mezani. Soksi nimemwona leo sokoni, mguu mweupe, anawalea watoto wa yule mwingine. Uliniambia nikakucheka. Uliniambia viko darini nikasema vimehamishwa. Huna ugonjwa wowote, Mama. Mgonjwa wa hapa ni mimi." Akamgeukia Kaka. "Na yale niliyokuambia kwenye simu, yafute. Yote. Rudisha kitanda chake ndani."

Kaka alikuwa amesimama ameegemea ukuta, uso umemshuka. Hakujitetea, na hilo namhesabia. Alitoka nje, na wakasikia akiwaambia wapagazi washushe vitu, wapagazi wakiguna.

"Mwambie aache," Mama alisema.

"Mama, nyumba ni yako. Hakuna tena atakayekwambia—"

"Mwambie aache, nimesema. Kitanda kikae garini." Aliinama, kwa shida kwa sababu ya goti, akafunua pembe ya kitambaa, akahesabu kwa kidole. "Vinne. Ndiyo. Vilikuwa vinne mpaka Jumamosi. Jumapili vitatu. Jumatatu mchana viwili. Kile cha mwisho kililia peke yake Jumatatu usiku kucha na Jumanne mpaka adhuhuri, hapo, juu ya taa. Nilikiletea kiti nikakaa chini yake. Nilikuwa nakiongelesha."

Daktari aliinamisha kichwa.

"Mlidhani naipenda sana nyumba hii," Mama aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. "Nyumba ya mtu mmoja, goti hili, ngazi zile. Ningekwenda kwa kaka yako tangu juzi. Lakini ningeviacha na nani? Kila mtu alikuwa ameshasema havipo. Nilipokubali leo, nilikuwa nimekata tamaa tu. Sasa vimeshushwa, vina mtu wa kuvizika. Naondoka na akili zangu."

"Lakini mpaka Jumapili ulikuwa unasema unavisikia," Kaka alisema kutoka mlangoni.

"Nilisema uongo. Vilikuwa vimeshakufa tangu Jumanne. Nilisema ili mmoja wenu apande."

Hapo Daktari angeweza kunyamaza. Alikwisha kukiri makubwa kuliko hilo. Lakini mtu akishaanza kutapika, hachagui.

"Mimi nilivisikia, Mama. Jumapili ile, tulipokuja kula. Nilikuwa kwenye korido nikasikia kimoja kinalia, kabisa, mara mbili. Nikasema bomba. Nilijua si bomba. Ningepanda siku ile, labda hicho kimoja..."

Mama alimtazama. Kaka naye alimtazama.

"Jumapili hii iliyopita?" Mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Jumanne mpaka Jumapili," Mama alisema, "ni siku tano. Nilikuwa chini yake, mwanangu. Nilisikia kilipokata roho. Jumapili hapakuwa na kitu kinacholia darini."

Nje mpagazi mmoja alikuwa akifunga kamba. Mama aliufunga tena mkoba wake, akashika mkono wa kiti, akainuka, na alipompita binti yake pale sakafuni alimwekea kiganja kichwani, mahali kitambaa kilipokuwa.

"Basi hicho ni chako," alisema. "Mimi vyangu nimevisikiliza mpaka mwisho."

Aliingia garini bila kushikwa. Kaka akazungusha ufunguo, na pikapu ikaondoka na kitanda.

Daktari alichimba shimo nyuma ya tangi, akavizika vinne pamoja, akafagia vumbi la korido, akakunja ngazi, akairudisha uani. Jua lilikuwa bado kali. Alifunga madirisha, akakagua jiko, akakagua bomba la jikoni, la bafuni na la nje. Yote yalikuwa makavu. Alikuwa ameshika mlango wa mbele, ufunguo uko tunduni, kilipoanza kilio, kimoja, chembamba, juu ya taa.

Alisubiri, labda kitaacha. Kisha akarudi uani kuchukua ngazi.